Vidaka Nilivyoviziba

Vijana wangu, magoti yamekataa ngazi, na mimi sikushindana nayo. Lakini kila nikipita vichochoro vya Mji wa Kale nikawaona juu ya jukwaa mkichanganya simiti mbio mbio, miguu yangu husimama yenyewe. Naenda ukutani, naugonga kwa kifundo cha kidole, natega sikio. Wenye nyumba hudhani nimerukwa na akili. Waacheni wadhani. Ukuta wa matumbawe ukiugonga unajibu. Ukitoa mlio mfupi, mzito, plasta imeshika vizuri. Ukilia kama debe tupu, kuna hewa nyuma yake, na siku moja kipande kitamwangukia mtu kichwani akinywa kahawa.

Nimetengeneza nyumba nyingi kisiwani humu, ndani na nje, kumbi na nyua, kuanzia Kibokoni hadi karibu na Makupa. Watu huniuliza ipi ilikuwa nzuri kuliko zote. Mimi nataka kuwaeleza ile niliyoiharibu.

Naitwa Jefwa, mzaliwa wa Rabai. Kazi nilifunzwa na Fundi Kombo, mtu wa Pate, mfupi, mkavu, aliyekuwa akitafuna tambuu tangu asubuhi na hatemi mpaka amalize ukuta. Alifanya kazi kwa chokaa tu. Mawe ya matumbawe yakishachomwa tanuuni, aliyatia shimoni, akayamwagia maji, akayafunika kwa magunia, kisha akayasahau. Wiki tatu, wakati mwingine zaidi. Halafu alichovya mwiko. Mwiko ukitoka mkavu, alisema, "Bado." Chokaa iking'ang'ania mwiko kama siagi, alisema, "Haya." Hakuna maneno mengine. Nilikaa naye miaka minane na sidhani alinipa hotuba hata moja. Alinipiga kibao cha mgongo mara moja tu, nilipopiga plasta kwenye ukuta mkavu bila kuunyunyizia maji. "Una kiu huo!" alisema. "Utainywa plasta yako yote, kesho uikute chini." Na kesho yake tuliikuta chini.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini kila mtu alitaka simiti. Simiti unaipiga leo, kesho unapaka rangi, kesho kutwa mteja anaita jamaa zake waje waone. Nikamwambia Fundi Kombo, "Fundi, hakuna anayetungoja wiki tatu tena." Akaniangalia, akatema tambuu yake kabla ya wakati, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Nenda basi," akasema. "Lakini huo mwiko ulioushika ni wangu."

Nikanunua wangu. Nikawa fundi wa kisasa.

Siku hizo hapakuwa na simu ya kumwonyesha mteja picha. Mteja alikuja na ukurasa aliouchana katika jarida, umekunjwa mara nne, anaufungua kwa uangalifu kama hati ya shamba. Wakitaka mambo ya ajabu. Bwana mmoja alinionyesha birika kubwa la kuogea, la kulala ndani, akitaka nimwekee orofa ya pili, juu ya boriti za mikoko zilizowekwa na babu wa babu yake. Nikamwambia, "Bwana, siku utakayolijaza maji, utamalizia kuoga sebuleni kwa mama yako." Alikasirika. Mamake, aliyekuwa akisikiliza chini ya ngazi, alinitumia sahani ya kaimati.

Mwalimu Mwanaisha naye alikuja na ukurasa wake. Alikuwa mama wa miaka arubaini hivi, akifundisha skuli ya msingi hapa hapa kisiwani, msemaji mwenye sauti ya darasani hata akiagiza chumvi. Alikaa na babake, Mzee Mahfudh, aliyekuwa karani wa bandari miaka mingi, kazi yake kuhesabu magunia yakishuka melini. Mamake Mwanaisha alikufa zamani. Dadake mdogo aliolewa Malindi. Nyumbani walikuwa wawili tu, baba na binti, ndani ya nyumba kongwe yenye kuta nene kama urefu wa mkono.

"Tazama, Fundi Jefwa," akaniambia, akaunyoosha ukurasa juu ya goti. Ilikuwa picha ya sebule nyeupe, kuta zimenyooka, sakafu inang'aa. "Nataka hivi. Nimechoka kuishi pangoni."

Alitaka mambo matatu. Kwanza, ukumbi unyooshwe. Ukuta mrefu wa ukumbini, unaotoka chumba cha mzee hadi mlango wa barabarani, ulikuwa na vidaka vitano, vile vijumba vilivyochongwa ndani ya ukuta, ambavyo wazee waliwekea taa na vyombo. Akasema vinakusanya vumbi na mende, vizibwe. Pili, daraja, ile ngazi moja ya kushukia uani kutoka ukumbini, liondolewe, na taili zitandikwe mfululizo. Tatu, ua wote upigwe simiti, na ule muasumini mzee uliojikunja kando ya mlango ung'olewe, maana majani yake yalimchosha kufagia.

"Na mzee anasemaje?" nikauliza.

"Baba yuko Malindi kwa mdogo wangu. Nataka arudi akute nyumba mpya. Nimshtukize."

Kazi nzuri iliyoje! Mimi na wenzangu wawili tuliingia Jumatatu. Vidaka nilivijaza mawe na simiti mwenyewe, kimoja baada ya kimoja, nikasawazisha kwa kibao mpaka ukipitisha kiganja hujui kilikuwa wapi. Wiki ya saba tukapaka rangi ya mafuta. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa pili, nikaangalia kazi yangu, nikajipenda. Niseme ukweli wangu, nilijipenda sana.

Mzee Mahfudh alirudi siku hiyo hiyo nikikusanya vifaa. Mwanaisha alimshika mkono kutoka kwenye teksi, lakini walipofika kizingitini mzee akauvuta mkono wake. "Kwangu najua njia," akasema. Mwanaisha akacheka, akarudi kumsaidia dereva na mikoba.

Kwa hiyo alichokifanya mzee nilikiona peke yangu. Alivua viatu, akaweka kiganja cha kulia ukutani, akaanza kutembea kama mtu anayetembea kwake. Hatua tatu, nne. Kiganja kikapunguza mwendo. Kikasimama. Kikapanda juu kidogo, kikashuka, kikarudi nyuma kilikotoka, kikatafuta tena. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, lakini kile kiganja kilikuwa kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni.

"Baba! Waionaje?" Mwanaisha akauliza kutoka mlangoni.

"Imependeza, mwanangu," mzee akasema. "Imependeza sana." Alisema hivyo huku ameuelekea ukuta mtupu.

Nilihisi kitu, ila sikukijua. Nikachukua karai langu nikaenda zangu.

Baada ya siku mbili nilirudi kumalizia bawaba za mlango. Mwanaisha alikuwa skuli. Mzee nilimkuta chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti. Nikamwamkia.

"Fundi," akasema, "redio yangu ilikuwa kidaka cha pili."

"Iko kabatini, mzee."

"Kabati liko wapi?"

Lilikuwa mbele yake, hatua mbili, kubwa kama mlango. Nikalitazama, nikamtazama yeye. Yeye akanisikia nilivyonyamaza.

"Jicho la kulia lilizima kwanza," akasema. "La kushoto likafuata mwaka jana, kabla ya Ramadhani."

"Mwalimu anajua?"

"Anajua sioni vizuri. Hajui kwamba sioni."

Nikaketi chini pale pale mlangoni. Akanieleza jinsi alivyokuwa akiishi. Kidaka cha kwanza kitupu, maana yake umetoka chumbani. Cha pili redio. Cha tatu bakuli la china, ukiligusa unajua uko katikati. Cha nne saa ya mezani, unaisikia kabla hujaifikia. Cha tano tasbihi yake, na hapo mlango wa nje uko kushoto. Kutoka mlangoni alikuwa akifuata baraza za majirani mpaka msikitini, vichochoro viwili tu. Upande wa ua, mguu ulikuwa ukishuka daraja moja, pua inapata asumini, anageuka kulia, anafika bombani. Kila siku alikuwa akiyafanya hayo mbele ya bintiye, na bintiye anaona baba anatembea polepole kwa uzee.

"Kwa nini usimwambie?" nikauliza.

"Akijua ataacha kazi, akae anishike mkono. Nimelea mabinti wawili peke yangu, fundi. Sikumlea huyu awe fimbo yangu." Akaninyooshea kiganja. "Na wewe hutamwambia. Niapie."

Nikamwapia. Kuziba vidaka lilikuwa kosa langu la kwanza katika nyumba ile. Kiapo kile kilikuwa la pili.

Masika yakaja. Wiki ya pili ya mvua, Mwanaisha akamtuma mtu kuniita. Ukuta wangu mzuri ulikuwa unatoka jasho. Sitanii, maji yalikuwa yakitiririka juu ya rangi ya mafuta. Chini, karibu na sakafu, rangi ilivimba malengelenge, na ukilitoboa lengelenge linamwaga unga mweupe wa chumvi.

"Hii ndiyo sebule ya picha yangu?" Mwanaisha akaniuliza. Nilijua mwenye jibu ni nani, na nilizunguka mtaa mara mbili kabla ya kupiga hodi kwake.

Fundi Kombo alikuja amevaa kanzu, hakuja kikazi. Aliugonga ukuta mara tatu, akalamba kidole alichopitisha kwenye ule unga.

"Umeivisha nyumba koti la mvua," akasema, "ila umeivisha kwa ndani."

Shikeni hili, vijana, maana ndiyo elimu yote ya nyumba hizi. Jiwe la matumbawe linakunywa maji kutoka ardhini na kutoka hewani. Haliwezi kuacha, ndivyo lilivyoumbwa baharini. Likishakunywa, linataka kuyatoa taratibu usoni mwake. Chokaa inayapitisha. Simiti inayazuia, na rangi ya mafuta inafunga mlango kabisa. Maji yakikosa njia yanajikusanya, chumvi inasukuma, na ukuta unajivua nguo mwenyewe. Dawa ni kubandua simiti yote, kuuacha ukuta upumue, kisha kupiga plasta ya chokaa na mchanga uliooshwa kwa maji matamu. Mchanga wa pwani usiooshwa una chumvi yake, utaanza upya balaa ile ile.

"Na vidaka umevizika kwa amri ya nani?" Fundi Kombo akauliza.

Nikaona mlango wa kutokea bila kuvunja kiapo. Nikamwambia Mwanaisha ukuta hautapona mpaka vidaka vifunguliwe, ndizo tundu zake za kupumulia. Nilisema kwa bidii kupita kiasi. Akanikazia macho yale ya darasani.

"Plasta badilisha, fundi. Vidaka, hapana. Mbona wavililia kama ni vyako?"

Nikainamisha kichwa. Mzee alikuwa chumbani, mlango wazi, anasikia kila neno. Siku hizo alikuwa hatoki tena. Msikiti alikuwa akiusikiliza dirishani. Mwanaisha alidhani Malindi imemchosha.

Tukaanza kubandua. Chokaa ikawa shimoni, Fundi Kombo akiilinda kama yai. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mimi na patasi yangu ukumbini, Mwanaisha jikoni anakaanga mbaazi, mvua imetoka kunyesha. Nikamwona Mzee Mahfudh anatoka chumbani mwake kwenda bombani kutia udhu. Alifika pale palipokuwa na daraja. Akashusha mguu kuitafuta ile ngazi niliyoiondoa, mguu ukakuta taili mahali ambapo haukuitarajia, taili imelowa. Niliacha patasi nikakimbia. Sikuwahi.

Aliangukia mkono.

Mwanaisha alitoka na mwiko wa jikoni mkononi. "Baba! Hukuyaona maji?"

Mzee alikuwa ameketi juu ya taili, ameshika kifundo cha mkono, uso ameuelekeza upande asikokuwa bintiye. Mwanaisha akaangalia uso ule. Akaniangalia mimi.

"Fundi, kuna nini hapa?"

Nikamwangalia mzee. Akavuta pumzi. "Mwambie wewe," akasema. "Mimi nimechoka."

Nikamwambia. Yote, vidaka, bakuli, saa, asumini. Nilikuwa nikieleza na kila kitu nilichokitaja nilikuwa nimekiua kwa mkono wangu mwenyewe. Mwanaisha akashuka taratibu akaketi kwenye maji, na nguo zake za nyumbani zikalowa. Akainua kiganja, akakipitisha mbele ya macho ya babake, mara moja, mara mbili.

"Usinipepee," mzee akasema. "Upepo nausikia."

Mwanaisha akacheka. Kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, akamkumbatia babake, na mbaazi zikaungua jikoni mpaka jirani akapiga kelele kutoka dirishani. Mimi ndiye niliyekwenda kuepua.

Mkono haukuvunjika, uliteguka. Walimfunga bendeji hospitalini, wakarudi kabla ya adhuhuri. Mwanaisha akaniita ukumbini. Alikuwa na ule ukurasa wake mikononi, nadhani hata hakujua ameushika.

"Fundi, yale niliyokuagiza sahau. Muulize mwenyewe."

Basi hapo nikapata msimamizi ambaye simwombei fundi yeyote. Kila asubuhi mzee alitolewa kiti, akakiweka katikati ya ukumbi, mkono wa bendeji mapajani, akatusikiliza. Miaka thelathini alihesabu magunia. Sasa alihesabu mapigo ya nyundo. "Mbona umepumzika, Jefwa?" Nikijibu nanyunyizia maji, anasema, "Sisikii maji." Na kweli nilikuwa nimepumzika.

Vidaka tulivifungua. Mawe yangu yalitoka kwa tabu, niliyashindilia vizuri mno. Fundi Kombo, sasa bila kanzu, alivichonga kingo upya kwa chokaa, na mzee akatoa wazo ambalo sisi wawili wenye macho halikutujia: kila kidaka kiwe na ukingo wake. Cha kwanza laini. Cha pili cha duara. Cha tatu kina mfuo mmoja, mchirizi uliochimbwa kwa mwiko. Cha nne mifuo miwili. Cha tano kimepambwa vijikauri vidogo, ambavyo mimi niliviokota ufukweni na Fundi Kombo akavipanga huku akinung'unika kwamba yeye si sonara. Hata bakuli likivunjika au saa ikisimama, mkono utajua uko wapi.

Kisha wakagombana. Plasta ilipokwisha, Fundi Kombo alirudi nyuma akatazama, akaridhika. Mzee akapitisha kiganja, akasimama. "Hapa pana tuta." Fundi Kombo akasema hapana. Mzee akasema lipo. Fundi Kombo akachukua mikoba yake akaondoka, na siku mbili hatukumwona. Siku ya tatu akaja bila salamu, akafumba macho, akapitisha kiganja chake mahali pale pale. Akasimama kitambo. Akalowesha plasta, akalisawazisha. "Lilikuwapo," akasema. Kwa Fundi Kombo hiyo ilikuwa hotuba.

Sakafu tuliipiga ya chokaa, tukaitwanga kwa mbao mpaka ikawa laini, isipokuwa njia moja ya upana wa miguu miwili, tuliyoitandika mawe yaliyoparuzwa, kutoka chumba cha mzee hadi bombani, na kutoka bombani hadi mlango wa barabarani. Mguu ukitoka nje ya njia unajua. Daraja la ua nilimwambia naweza kulifanya mteremko, ndiyo mtindo. Akakataa. "Nirudishie. Nikilishuka najua nimetoka nje." Nikalirudisha, ila ukingo wake nikaufanya wa kukwaruza kidogo makusudi, kidole cha mguu kiuone kabla ya kisigino.

Uani nilivunja simiti yangu mwenyewe kwa sururu, na sikuhisi uchungu. Kabla hujaweka sakafu mpya ya ua, mwaga ndoo ya maji, simama uone yanakwenda wapi. Yakisimama, na wewe simama. Usiendelee mpaka yapate njia ya mtaro. Tulipanda muasumini mpya pembeni mwa daraja, rehani karibu na bomba, mkilua wenye maua ya kunukia upande wa jikoni. Mzee alitaka pua imwongoze kama zamani. Wiki moja mbuzi wa jirani alipenya akala rehani yote, na asubuhi ile mzee akaenda kutia udhu jikoni. Mwanaisha alisimulia skuli nzima.

Na Mwanaisha naye sikumwacha. Kuta zake zilikuwa nyeupe, maana chokaa ni nyeupe bila kuombwa. Chini ya vidaka nilimjengea baraza ndefu ya mawe, isiyo juu, ya kuwekea matandiko, ikashika upande wote kama kochi la kwenye picha. Dirisha la uani nilimpanua kwa shubiri mbili. Siku alipotandika vitambaa alivyovinunua Biashara Street, aliketi, akaangalia huku na huku, akasema, "Sasa pango langu lina mwanga."

Tangu siku hizo nimekuwa na desturi. Mteja akinifungulia ukurasa wake, nautazama, nausifu. Kisha namwomba ruhusa, navua viatu, nafumba macho, napita nyumba nzima nikishika kuta. Nauliza nani anaishi humu, anaamkia wapi, mkono wake unashika nini akisimama. Wengine hunicheka. Bibi mmoja aliniuliza kama ninatafuta majini. Lakini nimegundua ngazi zilizomshinda ajuza asiyetaka kusema, na mlango ambao mtoto mlemavu aliuogopa kwa sababu ya kishikio kilicho juu mno. Hakuna aliyenieleza hayo. Watu hawayasemi kwa fundi. Mara nyingine hawayasemi hata kwa wana wao.

Kazi ya mwisho pale ilikuwa baraza ya nje, ya barabarani, iliyopasuka. Niliipiga chokaa upya, na juu yake, usawa wa mkono wa mzee, nikatoa ukingo mwembamba ukutani, unaokwenda hadi pembeni mwa nyumba. Majirani wawili waliofuata wakaniruhusu niuendeleze kwao. Hawakuuliza sababu. Mtaa mzima ulikuwa umeshajua.

Siku niliyomaliza ilikuwa alasiri. Mwanaisha alituletea chai, tukaketi kwenye baraza watatu, mzee katikati. Alikuwa akisalimia wapitao kwa kusikia miguu yao. "Msalkheri, Bi Fatma." "Wewe Hamisi, punguza mbio." Aliniambia ndara yangu ya kulia imekwisha upande mmoja, ninunue nyingine kabla sijateguka kama yeye.

Adhana ikaanza. Mzee akaweka kikombe chini, akasimama, akavaa kofia. Mkono wake ukapanda ukutani, ukaukuta ukingo, vidole vikajipanga juu yake. Akaanza kwenda. Hakuwa amekwenda msikitini kwa miguu yake tangu arudi kutoka Malindi.

Mwanaisha alisimama mara moja. Akapiga hatua moja, mkono ameunyoosha mbele kumshika. Mimi nilitazama kikombe changu. Sikuona kama ni mahali pangu kusema.

Akabaki vile, amesimama, anamwangalia babake akifika mwisho wa nyumba yao, akivuka upenyo mdogo baina ya kuta, mkono ukielea hewani kitambo, kisha ukigusa ukuta wa jirani. Polepole Mwanaisha akarudi, akaketi.

"Chai yangu uifunike!" mzee akaita kutoka pembeni, bila kugeuka.

"Naifunika, baba," akajibu, na akatwaa kisahani akakifunika kile kikombe.